Mume yuko safarini, simu haipatikani, mimi natetemeka. Hiyo "raga" ya wana-yoga ndiyo hii?

Fundi wa Magomeni

Habari zenu humu. Nina swali na nitalieleza kwa urefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 36, nina kibanda changu Magomeni. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi. Akitoka Dar mpaka arudi ni wiki tatu, na foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ikigoma ni mwezi. Hii ni ndoa yangu ya pili. Ya kwanza iliisha bila hata ugomvi: yule bwana aliaga anakwenda Mwanza wiki moja kufuata dagaa, mpaka leo.

Huyu wa sasa ni mtu mzuri. Hela ya matumizi inafika, akirudi anakaa na wanangu, hana maneno mengi. Lakini akishavuka Tunduma na laini yake ikakata, mimi si mtu tena. Nashona huku jicho liko kwenye simu. Nikiona tiki moja nasema amezima. Zikiwa mbili nasema kumbe mtandao anao, mbona kimya? Zikigeuka bluu na hajajibu ndiyo balaa lenyewe, moyo unanienda mbio, mikono inakuwa ya baridi. Mwezi wa pili nilikata gauni la mteja mikono yote miwili ya kushoto. Nikalipa kitambaa.

Mwezi huohuo nilimpigia mara 23 usiku mmoja. Ya 24 ikapokelewa na utingo wake: "Shemeji, bro amelala chini ya gari, ndani humu joto, simu kaiacha kwenye kiti." Raha niliyoipata dakika ile siwezi kuieleza, kama mtu aliyefungua swaumu kwa maji baridi. Nikalala usingizi mzito. Asubuhi mume akapiga, sauti haimtoki. Alipoamka akaona simu zote zile alijua mama yake amefariki. Mama yake ana presha na anaishi hapa kwangu. Anasema alikaa kwenye ngazi ya lori nusu saa nzima anashindwa kupiga kuuliza. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Sasa yoga imeingiaje. Nilianza kwa ajili ya mgongo, maana cherehani inaua kiuno. Nina mteja Upanga, mama mtu mzima wa Kigujarati, namshonea zile blauzi za kuvalia sari. Tunamwita Masi, yaani mama mdogo kwa lugha yao. Jumamosi asubuhi anatufundisha wanawake sita sebuleni kwake, bure. (Wenye swali la dini: nanyoosha viungo na kupumua tu, swala zangu ziko palepale.) Nilipomsimulia habari ya simu 23 aliniuliza kitu kimoja: "Wewe unamtaka bwana, au unaitaka ile pumzi unayoshusha simu ikipokelewa?"

Sijamjibu mpaka leo. Akasema hiyo inaitwa raga, kushikamana na raha, na ina pacha wake anaitwa dwesha, kukimbia maumivu, na yote yako kwa Patanjali, yule wa kale aliyeandika kitabu cha yoga. Nilipotafuta mwenyewe nikaelewa nusu tu. Wanasema kushikamana ndio mzizi wa mateso, mtu aachilie. Niachilie nini? Nisijali kama mume amefika au amepinduka mlima Kitonga? Huyo ni mke gani?

Na jingine, sijui kama linahusiana. Nimelelewa na bibi Korogwe. Mama alikuwa akifanya kazi Dar, anakuja Idi tu. Nilikuwa najua honi ya basi lake. Kila basi likipiga honi nilikuwa natoka mbio hadi stendi, na mara nyingi siye. Simu ikilia sasa hivi, mwili wangu unafanya vilevile.

Kuna yeyote humu aliyeitumia elimu hii kwenye ndoa, si kwenye mkeka tu?

---

Mtoto wa Buguruni

Dada, dawa ni kuolewa na muuza genge wa mtaa wa pili. Ukimtaka unachungulia dirishani.

Natania, pole sana. Lakini simu 23!

---

Mwalimu Mstaafu, Kibosho

Binti, marahaba, hata kama hukuniamkia.

Nilisoma Pune miaka ya themanini, na mwenye nyumba yetu alikuwa anatuamsha saa kumi na moja alfajiri tupumue naye. Wenzangu walikimbia, mimi nikabaki kwa sababu ya chai yake. Hiyo ndiyo shahada yangu ya yoga, kwa hiyo yapime maneno yangu kwa mizani hiyo.

Patanjali anataja mateso matano ya nafsi, anayaita klesha, utayakuta sura ya pili ya kitabu chake, sutra (yaani msemo mfupi) ya 3. La kwanza ni avidya, kutoliona jambo lilivyo. La pili asmita, ule umimi. Kisha raga, kisha dwesha, na la mwisho abhinivesha, kung'ang'ania uhai, ambalo anasema hata msomi analo. Sutra inayofuata anasema avidya ndiyo shamba, hayo mengine manne yanaota humo. Na anasema jambo ambalo wengi wanaliruka: mateso haya yanaweza kuwa yamelala, au yamekonda, au yamekatizwa kwa muda, au yamechachamaa. Mumeo akiwa nyumbani wewe unajiona umepona. Hujapona, limelala. Akivuka Tunduma linaamka.

Sasa raga yenyewe, sutra ya 7. Anaieleza kwa maneno mawili tu, na neno la Kisanskriti alilotumia, anushayi, limetoka kwenye kitenzi cha kulala. Raga ni kile kinacholala ubavuni mwa raha. Hakusema raha ni mbaya. Anasema raha ikiondoka inaacha kitu kimelala pale ilipokuwa, na kitu hicho ndicho kinachokuamsha usiku wa manane uitafute tena. Dwesha ni hivyohivyo, ila kimelala ubavuni mwa maumivu. Wewe una vyote viwili kitanda kimoja: raha ya utingo kupokea simu, na maumivu ya Mwanza. Na ile alama ambayo jambo linaiacha ndani ya mtu, kama honi ya basi la Korogwe, wanaiita samskara. Wewe ni fundi, unajua kitambaa kilichokunjwa muda mrefu. Ukipiga pasi mkunjo unatoweka, ukikiweka tena kabatini kinajikunja palepale.

Soma pia Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya pili, beti za 62 na 63. Pana mnyororo pale. Mtu akikalia kitu kwa mawazo, anashikamana nacho. Kushikamana kunazaa tamaa, tamaa inazaa hasira, hasira inazaa kuchanganyikiwa, kuchanganyikiwa kunapoteza kumbukumbu, na kumbukumbu ikipotea busara inakwenda nayo. Mimi miaka mingi sikuelewa kumbukumbu inaingiaje hapo. Leo umenielewesha wewe. Usiku ule ulisahau kwamba mkweo ana presha na kwamba mwanawe atazisoma simu zako kwa namna moja tu.

Kuhusu kuachilia. Patanjali anasema akili inatulizwa kwa vitu viwili pamoja, abhyasa, mazoezi ya kila siku, na vairagya, kutovutwa. Mfafanuzi wake wa kale, Vyasa, anaifananisha akili na mto unaotiririka pande mbili: vairagya inaziba upande mmoja, abhyasa inafungua upande wa pili. Sisi Wachaga tuna mifongo, mifereji inayoshusha maji ya mlimani hadi kwenye migomba. Zamu yako ikifika unaziba kwa mawe na majani ya mgomba, maji yanageukia kwako. Hakuna anayekausha mto, na aliyeziba bila kufungua kwingine atabomolewa ukuta. Kwa hiyo upendo wako uuache utiririke. Kinachozibwa ni njia ile moja ya kidole kwenda kwenye simu, na lazima ufungue nyingine.

Namna ya kufungua iko kwa Patanjali, sura ya pili, sutra ya 33 na ya 34: wazo la kukusumbua likija, leta la upande wa pili. Watu wanadhani maana yake ni kujipa moyo, "ananipenda, ananipenda". Yeye anasema tazama matunda ya lile wazo, mateso yanayozaliwa nalo. Basi mkono ukienda kwenye simu, mtazame mumeo amekaa kwenye ngazi ya lori.

Nikiri jambo moja. Patanjali hakuwaandikia wanandoa. Anamwandikia mtu anayetaka kuituliza akili mpaka mwisho kabisa, na mtu huyo hasubiri gari kutoka Kongo. Tunaazima. Cha kuazima hakikutoshi kila mahali.

---

Mtu wa Likoni

Fundi, mimi ndiye ule ugonjwa wa upande wa pili, na nimeona niseme maana hakuna anayetusemea.

Mamangu alikuwa mkali wa kulia. Yeye akianza kulia, nyumba nzima inasimama, na mwisho wa kilio kosa ni langu. Nikakua nikiwa siwezi kukaa chumba kimoja na mwanamke anayelia. Nimeoa, bibi yangu akilia mimi naenda kuosha gari. Sikusema naondoka, naosha tu. Gari yangu ilikuwa safi kuliko zote Likoni, hata kwenye feri watu walikuwa wakiniuliza nimeinunua lini.

Kisha nikahamia Nairobi kwa kazi, nikaingia darasa la yoga, nikasikia hilo neno vairagya. Wallahi nilifurahi! Nilidhani nimezaliwa nalo. Nikamwambia bibi yangu mimi ni mtu nisiyeshikamana na kitu, ndiyo maana niko mtulivu. Akaniangalia, akasema: "Mtulivu mbona unakimbia?"

Ilinichukua kama mwaka hivi kukubali kwamba ile yangu ilikuwa dwesha imevaa kanzu ya vairagya. Maana asiyeshikamana anaweza kukaa. Mimi nilikuwa nimeshikamana na kimya kama wewe ulivyoshikamana na mlio wa simu, hata zaidi. Tena tukikutana watu wa aina yako na ya yangu tunauana polepole, wewe unafuata, mimi naosha gari, ukifuata zaidi nang'arisha hadi ringi.

Nililofanya ni dogo. Akianza kulia nakaa. Sisemi kitu cha maana. Nahesabu pumzi 10 za kutoka, nikimaliza nahesabu tena. Mara ya kwanza nilitokwa na jasho mpaka fulana ikalowa, na yeye akaacha kulia akaniuliza kama naumwa.

Simjui mumeo na huenda ni mtu mtulivu kweli. Lakini umesema hana maneno mengi. Muulize kimya chake kinalala ubavuni mwa nini.

---

Nesi wa Kampala

Mwalimu umefundisha vizuri, lakini kuna mahali sikubaliani, na nitasema kwa sababu nimefanya kazi wodi ya watoto miaka 19.

Ninyi mnaanza na kushikamana kama ugonjwa. Elimu ya kushikamana kati ya mtu na mtu ina mizizi yake mingine hapa kwetu. Mwaka 1954 na 1955 mama mmoja mwanasaikolojia, Mary Ainsworth, alikaa Uganda akawatembelea akina mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akina mama 26 na watoto wao 28. Mtihani wake maarufu wa kumwacha mtoto chumbani na mgeni ulikuja baadaye, Marekani. Hapa alikuwa anakaa nyumbani kwa watu, anatazama na kuuliza.

Aliloliona ni kwamba mtoto aliyeshikamana vizuri na mamake ndiye anayetambaa kwenda mbali. Anaenda mpaka mlangoni, anageuka, anamwona mama yupo, anaendelea. Asiye na uhakika ndiye anayeng'ang'ania kanga. Na akina mama wa watoto wale wenye uhakika walikuwa na kitu kimoja, waliweza kumsimulia mambo madogo madogo ya watoto wao, kwa sababu walikuwa wanayatazama. Mwaka 1987 wenzake wawili wa Marekani, Hazan na Shaver, wakaliingiza wazo hilohilo kwenye mapenzi ya watu wazima.

Kwa hiyo Fundi, mtoto wa Korogwe anayekimbilia stendi hana avidya. Anaona sawasawa kabisa: mama hayupo, na hajui atakuja lini. Na bwana wa Mwanza aliondoka kweli, hukuota. Hofu yako ina ushahidi. Nisingependa mtu akuambie uizibe kwa mawe na majani ya mgomba halafu mumeo asifanye chochote. Mtoto hatulizwi kwa kuambiwa mama ni kitu cha kupita. Anatulizwa na mama anayesema naenda sokoni narudi, halafu anarudi.

Ongea naye. Akivuka mpaka aseme kitu, hata sauti ya sekunde tano.

---

Mwalimu Mstaafu, Kibosho

Nesi, nimekubali nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Neno la Kiswahili limetuchanganya, kushikamana kwa mtoto na mamake na kushikamana kwa raga tumeviita jina moja. Lakini bado nauliza: mama mwenyewe akija Idi, mtoto yule alilala? Au alikesha akisikiliza kama anafunga begi?

---

Fundi wa Magomeni

Mwalimu, nilikesha. Kila Idi. Umejuaje?

Nimekaa wiki mbili bila kuandika kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza. Nisimulie ilivyokuwa.

Nilichukua ile chaki ya kuchorea kitambaa, kila mkono ukienda kwenye simu napiga mstari kwenye meza ya kukatia, iwe nimepiga au sijapiga. Siku ya kwanza mistari 31. Nilidhani ni 10. Wateja wakaniuliza kama nahesabu siku za mimba. Nikagundua kitu: mingi haikuja nikiwa na wasiwasi. Ilikuja nikimaliza mshono, yaani nikikata uzi tu, mkono unakwenda wenyewe. Saa ya kazi kuisha kidogo ndiyo saa ya stendi.

Nikampelekea Masi hesabu ile. Hakusema neno la Kisanskriti hata moja, akaniambia nikikata uzi niutazame uzi. Basi. Nautazama uzi, nashusha pumzi, halafu naamua. Mara nyingi bado naamua kupiga, nisiwadanganye.

Kuhusu ngazi ya lori, Mwalimu, hiyo inafanya kazi kuliko zote, lakini inaniliza, kwa hiyo naitumia nikiwa peke yangu.

Mume alirudi Alhamisi. Nilimweleza yote, mpaka ya humu ndani. Nikamuuliza lile swali la Mtu wa Likoni. Alikaa kimya muda mrefu, nikajua ndiyo jibu lenyewe, kisha akasema babake alikuwa akipiga kelele sana kwenye simu enzi za zile simu za vibandani, nyumba nzima inasikia nani ana deni. Miaka miwili ya ndoa, sikuwahi kulijua hilo. Nesi, nimejiona kama wale akina mama wasio na cha kusimulia.

Tumekubaliana akifika Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, anatuma sauti, akifika Kasumbalesa anatuma sauti, katikati asinitafute na mimi nisimtafute. Likitokea la mama yake nipigie laini ya utingo, siyo yake, ili simu zangu kwake zisiwe tena za msiba.

Ameondoka juzi. Sauti ya Nakonde imeingia jana saa tano usiku: "Nimevuka, nina njaa, wasalimie." Nikaisikiliza mara moja. Haya, mara nne. Leo nimempigia mara mbili, ya kwanza kuuliza risiti ya ada ameiweka wapi. Ya pili haikuwa na sababu.

Blauzi ya Masi bado haina mikono na Jumamosi ni kesho, ngoja nirudi kwenye cherehani.